Usiulize umri wa bastola, uliza inafanya nini

Leo tuache simu na kompyuta kidogo, tuzungumzie bastola za zamani. Msishtuke, programu zitaingia humo humo.

Kiswahili kimetunza matoleo ya silaha hizi. Bunduki ya gumegume ilitumia jiwe kutoa cheche. Likaja toleo la fataki, kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo. Bastola za Samuel Colt, aliyepata hataza Marekani mwaka 1836, zilikuwa za fataki: unashindilia baruti na risasi kwa mbele, tundu baada ya tundu la silinda, kisha unavisha fataki kwa nyuma. Toleo lililofuata likaweka fataki, baruti na risasi ndani ya ganda moja. Unaliingiza nyuma ya silinda, basi.

Kampuni ya Colt haikuweza kuhamia huko mapema. Silinda iliyotobolewa upande mmoja hadi wa pili ilikuwa hataza ya Rollin White ya 1855, na waliokuwa na haki ya kuitumia ni Smith & Wesson. Hataza ilipokwisha 1869, Colt ikaanza kugeuza bastola za fataki zitumie maganda. Watengeneza programu tunaijua kazi hiyo: unauacha mfumo wa zamani, unabadilisha pale unapopokea data.

Leo viwanda vya Italia kama Uberti na Pietta vinatengeneza nakala za bastola hizo, na Marekani silinda za kuzigeuza zinauzwa madukani. Hapo ndipo ninapokwazika. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1968 inaitoa kwenye hesabu ya silaha za moto ile iliyotengenezwa 1898 au kabla, pamoja na nakala zisizotumia maganda. Kwa hiyo bastola iliyotoka kiwandani jana inaitwa ya kale! Ifunge silinda nyingine, chuma kilekile kinakuwa silaha. Ningeletewa programu yenye sharti kama hilo niikague, ningeirudisha kwa mwenyewe.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inapofafanua silaha inaanza na swali bora: je, kitu hiki chenye mtutu kinaweza kurusha risasi na kuua? Hilo ni swali la kazi. Umri ni sifa tu.

Na historia yetu inaliunga mkono. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango wazi kwa gumegume, kana kwamba hiyo haina madhara. Waulize tembo. Waulize waliovamiwa na misafara ya watumwa na pembe, ambayo ilibeba bunduki nyingi za kushindilia. Risasi ya toleo la zamani haikumwacha mtu hai kwa sababu ya uzee wake.

Kuna wanaosema kugeuza bastola ni ufundi tu, na mafundi wa jua kali tunao hapa Kitengela. Ufundi upo, sikatai. Lakini wakazi wa hapa tunaoishi kwa maji ya visima tunajua ukifunga pampu mpya yenye nguvu kwenye bomba kuukuu kinachotokea. Fremu ya bastola ya fataki iliundwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa ina shinikizo kubwa zaidi, na kikipasuka chuma, kinapasuka mkononi mwako.

Kwa hiyo ukiona mtandaoni bastola "ya antiki" inayouzwa Marekani bila masharti, usibonyeze kitufe cha kununua ukidhani ni pambo la sebuleni. Iulize kwanza Bodi ya Leseni za Silaha. Masharti ya Marekani hayasafiri na kifurushi.

Nanyi mwasemaje, sheria ipime umri au ipime kazi? Mimi nimeshachagua kazi.