Sheria na Mkono Wake

Wazee husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msemo huo husikika sana mikutanoni, na mara nyingi hutamkwa kumwonya raia aliyekosa. Lakini msumeno una tabia nyingine mbili zisizosemwa sana. Kwanza, haukati wenyewe: ukitundikwa ukutani utashika kutu, na mbao zitabaki kama zilivyokuwa. Pili, aushikaye asipoufuata mstari uliochorwa huharibu mbao, na pengine hukata kidole chake mwenyewe. Leo tungependa kulizungumzia jambo hili, kwa kuwa sisi wa Mwanza na wa mwambao wa Ziwa Victoria tumejifunza pande zake zote mbili, na ada ya somo hilo tumeilipa kwa roho za watu.

Tuanze na upande wa kwanza. Asubuhi ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka na kuzama ikiwa imebakiza safari fupi tu kuifikia bandari ya Mwanza. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443, na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kabisa. Kwa sababu hiyo, hadi leo hakuna awezaye kutaja kwa uhakika idadi ya waliopotea siku ile. Twajua tu kwamba walikuwa mamia, na kwamba wengi wao wamelala katika makaburi ya Igoma. Je, nchi yetu haikuwa na sheria ya usalama wa vyombo vya majini? Ilikuwapo. Je, uwezo wa meli haukujulikana? Ulijulikana. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama penye ngazi ya meli, mwenye mamlaka na moyo wa kusema: imetosha, hapandi mtu mwingine.

Ilidhaniwa kwamba msiba ule ungetosha kutufundisha. Lakini tarehe 20 Septemba, 2018, miaka 22 baadaye, kivuko cha MV Nyerere kilichotoka Bugolora kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Msomaji aitazame hesabu hiyo mara ya pili: waliokufa tu walikuwa zaidi ya mara mbili ya wote walioruhusiwa kupanda. Wala kivuko hicho hakikuwa mali ya mfanyabiashara mwenye tamaa aliyekwepa macho ya wakaguzi. Kilikuwa mali ya umma, kikiendeshwa na wakala wa Serikali. Serikali iliyoweka kiwango cha abiria ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikikata tiketi.

Kuna watakaosema kwamba abiria walijaza kivuko wenyewe. Ni kweli, siku ile ilikuwa ya gulio, na kila mtu alitaka kurudi nyumbani kabla ya jua kuchwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuwa na msimamizi. Mtu aliyechoka, mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, hawezi kutarajiwa apige hesabu ya uzito wa kivuko. Tena hapana budi tukiri kwamba kiwango cha abiria 101 ni kigumu kulindwa pale ambapo watu wengi wanategemea chombo kimoja. Anayeamuru watu wasizidi, bila kuwapa njia nyingine ya kuvuka, amemwachia msimamizi vita asivyoweza kushinda. Mkono wa sheria, basi, si askari peke yake. Ni pamoja na chombo cha pili, mkaguzi anayelipwa vizuri, na mkuu wa kazi asiyempigia mkaguzi simu kumwambia alegeze.

Baada ya misiba kama hii husikika sauti zikidai mkono wa chuma. Husemwa kwamba maneno yamezidi, mahakama zinachelewa, na dawa ni kuwapa watu wenye nguvu ruhusa ya kufanya kazi bila kuulizwa. Wanaosema hivyo tunawaomba wakumbuke upande wa pili wa somo letu, ambao nao tuliupata papa hapa.

Katikati ya miaka ya 1970, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji ya kutisha. Vikongwe, hasa wa kike, waliuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na wizi wa ng'ombe ulimwaga damu vijijini. Sheria za kuyakataza hayo zilikuwapo. Ile ya uchawi ilikuwapo tangu mwaka 1928. Serikali iliamua kuchukua hatua, na katika kuamua hivyo haikukosea, kwani raia aliyeuawa usiku nyumbani kwake ana haki ya kulindwa na dola. Kosa lilikuja katika utekelezaji. Watu waliokamatwa kwa kushukiwa tu waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa wale waliotumwa kuleta amani. Operesheni iliyoanzishwa ili kukomesha mauaji ikawa nayo imeua.

Yaliyofuata yanastahili kukumbukwa na kila kizazi cha viongozi. Mwezi Januari 1977, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu. Yeye mwenyewe hakumpiga mtu, lakini alikubali kwamba mkono uliokosea ulikuwa chini ya wizara yake. Viongozi wengine wa ngazi ya juu nao walijiuzulu. Maofisa walishtakiwa mahakamani, na baadhi yao wakafungwa. Msumeno ulikata nyuma. Wako waliohofu kwamba dola ingedhoofika kwa kujishtaki yenyewe. Kumbe heshima yake ilipona hapo. Mwaka 1985 wananchi walimchagua Ndugu Mwinyi kuwa Rais wao. Hawakumwona kuwa mtu dhaifu, bali walimwona kuwa mtu anayejua uzito wa dhamana.

Hata hivyo, haifai kusimulia habari hiyo na kuishia hapo, kana kwamba kumzuia askari mkatili kulimaliza tatizo la mwizi wa ng'ombe. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, silaha zilizagaa na wizi wa mifugo ukashamiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Usukuma na Unyamwezi walichoka kungoja. Wakashika pinde na mishale, wakapeana ishara kwa yowe na filimbi, wakafuata nyayo za ng'ombe wao usiku na mchana. Ndivyo Sungusungu ilivyozaliwa. Mifugo ilirudi, na vijiji vingi vikaanza kulala usingizi. Huo ni ukweli, na anayewabeza wazee wale hajapata kuamka asubuhi akakuta zizi lake tupu.

Lakini ni kweli pia kwamba baadhi ya vikundi hivyo vilijifanya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na msimamizi wa gereza kwa wakati mmoja. Watu walipigwa wakakiri yasiyo yao. Wengine walitozwa mifugo au kutengwa na jamii. Na bibi kizee aliyesingiziwa uchawi hakuwa na pa kukata rufaa. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, likavipa vikundi vya jadi vya ulinzi uwezo wa kukamata watuhumiwa. Ilikuwa hatua ya busara: mkono uliokuwa umeota wenyewe ulipewa sheria ya kuuongoza. Lakini tusisahau mpaka wake. Aliyepewa uwezo wa kukamata hakupewa kiti cha hakimu. Sungusungu anayemkamata mwizi na kumfikisha polisi ni mlinzi wa taifa. Anayemkamata na kumhukumu njiani ametenda kosa jingine juu ya lile la kwanza.

Sasa tutazame ziwa lenyewe, ambalo ndilo shamba la watu wetu. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 pamoja na kanuni zake za mwaka 2009 zimekataza kokoro na nyavu za timba. Sangara asiyefika sentimita 50 na sato asiyefika sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa. Hakuna mvuvi wa Ukerewe, Sengerema au Magu asiyejua sababu zake. Kokoro hukokota mayai na makinda kutoka mazalia ya ufukweni. Anayelitumia leo anakula mbegu ya mwakani. Kwa miaka mingi sheria hizo zilikuwa kama msumeno wa ukutani. Makokoro yalivutwa mchana kweupe, na kwenye mialo mingine kila mtu alijua ni nani hulipwa ili asione.

Ndipo mwaka 2018 ikaja Operesheni Sangara. Nyavu haramu zilichomwa moto, faini zikatozwa, na wako waliosema hatimaye ziwa litapumzika. Wakati huo huo malalamiko mengi yalifika hadi bungeni: kwamba wavuvi walitozwa faini wasizozielewa, na kwamba mali ziliteketezwa kabla mwenyewe hajapata nafasi ya kujitetea. Mwezi Juni mwaka huo maofisa wa uvuvi waliingia katika mkahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima kwa rula samaki waliopikwa, na mkahawa ukatozwa faini. Wabunge wengi walikasirishwa na utaratibu uliotumika. Sisi twasema kwamba tukio hilo lina mafunzo mawili. La kwanza, rula inayompima mama muuza samaki wa Mwaloni Kirumba haina budi kumpima na mpishi wa wakubwa. La pili, ikiwa waheshimiwa waliudai utaratibu siku ile, basi na yule mama anaudai utaratibu huo huo kila siku, ila yeye hana kipaza sauti.

Je, tutajuaje kwamba sheria na mkono wake vinakwenda pamoja? Kipimo kipo, tena ni chepesi. Ni karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaka ofisa aliyechukua kitu katika upekuzi kutoa stakabadhi ya kitu hicho. Stakabadhi hiyo ni ndogo, lakini imebeba mambo makubwa: jina la aliyechukua, kitu kilichochukuliwa, na njia ya mwenye mali kwenda kudai haki yake. Wavu uliochomwa ukiwa na stakabadhi na amri ya mahakama ni adhabu. Wavu uliochomwa bila hayo ni hasara tu, na aliyeuchoma hana tofauti kubwa na jambazi wa ziwani, isipokuwa sare. Vivyo hivyo orodha ya abiria: chombo kinachoondoka bila orodha kimekwisha kuvunja sheria kabla hakijafungua kamba. Na vivyo hivyo kitabu cha mahabusu: aliyeandikwa humo jina, saa na kosa ana mtu wa kuulizwa juu yake. Asiyeandikwa amekwisha kupotea nusu.

Watasema tena kwamba karatasi huchelewesha kazi. Kuandika majina ya abiria 101 ni kazi ya muda mfupi. Kuopoa maiti za Ukara kulichukua siku kadhaa, na familia nyingine hazijamaliza kulia mpaka leo.

Kwa hiyo tunatoa wito. Kwa wenye mamlaka ya usafiri majini: daraja la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa mwaka 2025, na hilo ni jambo la kujivunia, lakini watu wa Ukara hawavuki kwa daraja. Idadi inayoruhusiwa iandikwe kwa herufi kubwa kila gati, na mkaguzi asiwe chini ya amri ya mwenye chombo, hata kama mwenye chombo ni Serikali. Kwa maofisa wa uvuvi na vikundi vya usimamizi wa fukwe: msilegeze kokoro hata siku moja, lakini kila mkamatapo, andikeni. Kwa Sungusungu na mgambo: kamateni, kisha fikisheni polisi.

Na kwa sisi wananchi, tusidhani kwamba mkono wa sheria ni wa wengine tu. Ibara ya 26 ya Katiba yetu inamtaka kila mtu kutii sheria, na hapo hapo inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba na sheria za nchi. Basi abiria anayeona kivuko kimejaa na ateremke, tena aseme kwa sauti. Mvuvi anayetozwa faini na aombe stakabadhi, bila matusi na bila woga. Jirani anayesikia bibi kizee akiitwa mchawi na apeleke habari mapema, kabla panga halijanolewa. Msumeno ni wetu sote. Kwa kuuacha ukutani tulizika ndugu zetu Igoma na Ukara. Kwa kuushika bila mstari tulizika wengine mwaka 1976. Hatuna sababu ya kurudia darasa hilo.