Kuuza Madogo wa Akademi: Klabu za EPL Zinapata Doh, Lakini Nani Analipia Hasara?

Mei 2025 iliwapiga mashabiki wa Man U ngumi mbili ndani ya siku tatu. Tarehe 21 kule Bilbao, Tottenham waliwachapa 1-0 kwenye fainali ya Europa League. Tarehe 23 kule Naples, Scott McTominay akaruka hewani, akapiga makasi moja safi dhidi ya Cagliari, na Napoli wakabeba ligi ya Italia. Jamaa akatajwa mchezaji bora wa msimu mzima wa Serie A. Huyu ni msee alilelewa Man U tangu akiwa mtoto mdogo, na miezi tisa kabla ya hapo klabu ilikuwa imemuuza kwa kama pauni milioni 25.

Na aliyefunga lile goli la Bilbao je? Brennan Johnson. Naye ni dogo wa akademi. Nottingham Forest walimchukua akiwa na miaka minane, wakamlea, kisha 2023 wakamuuza Spurs kwa pauni milioni 47.5.

Kila dirisha la usajili likifunguka, mabishano ni yale yale, kwa kinyozi, kwa stage na kwa grupu za WhatsApp. Kuna wale wa "mpira ni biashara, uza." Kuna wale wa "dogo wa nyumbani hauzwi." Pande zote mbili zinaongea mpira. Lakini ukichunguza vizuri, madogo wengi sahii hawauzwi kwa sababu ya mpira. Wanauzwa kwa sababu ya daftari la mhasibu.

Daftari linasema aje?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. EPL wameenda mbali zaidi, huko daftari lenyewe ndilo linapoteza mali.

Iko hivi. Kwa sheria ya PSR, klabu ya EPL hairuhusiwi kupata hasara ya zaidi ya pauni milioni 105 ndani ya miaka mitatu. Ukipita hapo, unakatwa pointi. Everton walikatwa, Forest pia wakakatwa.

Sasa chukua mchezaji wa kununuliwa. Tuseme umemnunua kwa pauni milioni 80, mkataba wa miaka mitano. Hio doh haiandikwi yote siku moja. Inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hivyo kila mwaka unaandika gharama ya milioni 16. Baada ya miaka miwili, kwa vitabu bado ana thamani ya milioni 48. Ukimuuza kwa milioni 50, faida yako ni milioni 2 tu. Ukimuuza kwa chini ya milioni 48, umeingia hasara.

Dogo wa akademi ni story ingine kabisa. Hukumnunua, kwa hivyo kwa vitabu thamani yake ni sufuri. Ukimuuza kwa milioni 40 (karibu Sh7 bilioni za hapa kwetu), zote 40 ni faida, na zinaandikwa mwaka huo huo. Na bado kuna utamu mwingine: gharama za kuendesha akademi hazihesabiwi kwa PSR. Kumlea dogo hakukuumizi kwa hesabu, kumuuza kunakuokoa.

Endelea na hio hesabu kidogo. Ile milioni 40 ya dogo mmoja inaweza kufunika gharama ya mwaka wa kwanza ya wachezaji watano wa milioni 40 kila mmoja, maana kila mmoja anaandikwa milioni 8 tu kwa mwaka. Hapo bado hujalipa mishahara, lakini kwa karatasi umenunua watano kwa kuuza mmoja. Bosi wa klabu akionyeshwa hio karatasi, anaona ni kama magic.

Shida iko mwaka wa pili. Ile gharama ya milioni 40 inarudi tena, na dogo hayuko. Unatafuta dogo mwingine wa kuuza. Ni kama kuishi kwa Fuliza: leo umejitoa, kesho pesa ikiingia inakatwa, unafuliza tena. Deni halijaisha, limesongeshwa tu mbele.

Juni 2024: soko la ajabu

Kama unadhani hii ni nadharia, kumbuka mwisho wa Juni 2024. Tarehe 30 Juni ndiyo siku klabu nyingi hufunga vitabu, na siku za mwisho zilikuwa kama soko la jioni mvua ikikaribia. Chelsea waliuzia Aston Villa Ian Maatsen kwa pauni milioni 37.5. Wiki hio hio Villa wakauzia Chelsea Omari Kellyman kwa milioni 19, dogo ambaye alikuwa amecheza mechi za kuhesabu kwa vidole. Villa pia walimpeleka Tim Iroegbunam Everton, na Everton wakampeleka Lewis Dobbin Villa. Kila klabu ilipata cha kuandika kwa upande wa faida.

Newcastle ndio waliumia zaidi. Walimuuza Elliot Anderson kwa Forest kwa pauni milioni 35. Anderson amezaliwa pande hizo za Newcastle, na ameingia akademi yao akiwa na miaka minane. Hakuuzwa kwa sababu kocha hakumtaka, aliuzwa kwa sababu vitabu vilikuwa vinafungwa. Kufika Septemba 2025, dogo alikuwa anachezea timu ya taifa ya England.

Forest wenyewe walikuwa tayari wameonja upande wa uchungu wa hii sheria. Ile doh ya Brennan Johnson iliingia 1 Septemba 2023, vitabu vikiwa vimeshafungwa 30 Juni. Walijitetea kwamba walisubiri ndio wapate bei nzuri. Tume ikakataa, na Machi 2024 wakakatwa pointi nne. Ujumbe kwa klabu zote ulikuwa wazi: uza mapema, hata kama bei ni mbaya. Sheria iliyowekwa kulinda klabu zisifilisike imegeuka kuwa sheria ya kusukuma watoto wa nyumbani nje ya mlango.

Lakini tuwe wakweli, kuna wakati kuuza ni sawa

Hatuwezi kusema kila dogo akae. Akademi inatoa wachezaji wengi, na kikosi cha kwanza kina nafasi kumi na moja.

Angalia Arsenal. Agosti 2024 walimuuza Emile Smith Rowe kwa Fulham kwa pauni milioni 27, na nyongeza zikifika ni 34. Dirisha hilo hilo Eddie Nketiah akaenda Crystal Palace kwa milioni 25 na nyongeza ya tano. Wote ni watoto wa nyumbani, wote walipendwa. Lakini Smith Rowe alikuwa amesumbuliwa sana na majeraha, na Nketiah hakuwa anaanza. Bukayo Saka, aliyetoka akademi hio hio, hakuna mtu hata aliuliza bei. Arsenal walimaliza msimu huo nafasi ya pili, na hukusikia shabiki wao akilia ati Nketiah angewapa ligi.

Pia kuna upande wa dogo mwenyewe. Cole Palmer alikuwa anasugua benchi Man City. 2023 akaenda Chelsea kwa pauni milioni 40, na msimu wa kwanza tu akafunga mabao 22 ya ligi. Julai 2025 akafunga mawili kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, PSG wakachapwa 3-0. Angebaki City angekuwa anapasha moto kando ya uwanja hadi leo, pengine. City walichukua ligi msimu ule bila yeye, kwa hivyo kwa mwaka mmoja walionekana wajanja. Msimu uliofuata, mambo yalipowaharibikia wakamaliza wa tatu, ndio watu wakaanza kuuliza yule dogo aliachiliwa kwa nini.

Tofauti ya Arsenal na wengine ni moja. Wao waliamua kwanza nani ndiye nguzo, halafu wakauza waliobaki. Man U waliamua kwanza wananunua nani, halafu wakaangalia nani wa kuuzwa ndio hesabu itoshe. Siku ile ile McTominay alienda Napoli, 30 Agosti 2024, Man U walimtangaza Manuel Ugarte kutoka PSG kwa kama pauni milioni 42. Msimu ukaisha Man U wakiwa nambari 15 na pointi 42.

Mainoo, na makocha wanaopita

Hapa ndipo story ya Kobbie Mainoo inafaa kumfundisha kila mtu kitu. Mei 2024, Man U walishinda FA Cup kwa kuchapa City 2-1. Magoli yote mawili yalifungwa na madogo wa akademi, Alejandro Garnacho na Mainoo. Wiki chache baadaye Mainoo akaanza fainali ya Euro akiwa na miaka 19.

Miezi 15 baada ya ile FA Cup, Garnacho alikuwa ameuzwa Chelsea kwa pauni milioni 40, baada ya kukosana na kocha Ruben Amorim. Mainoo naye, ameona hachezi, akaomba aende kwa mkopo Agosti 2025. Klabu ikakataa. Wakati huo kulikuwa na mashabiki wengi wakisema auzwe tu, ni faida tupu.

Januari 2026 Amorim akafutwa. Michael Carrick akashika timu, na mechi yake ya kwanza ilikuwa derby dhidi ya City pale Old Trafford. Mainoo alianza. Man U wakashinda 2-0.

Kocha ni mpangaji. Anakuja na fanicha zake, anapaka ukuta rangi anayotaka, na siku moja anafungasha virago. Dogo akiuzwa kwa sababu hafiti mfumo wa mpangaji, mpangaji akihama dogo harudi. Hii ni klabu ambayo tangu Oktoba 1937 imekuwa na angalau mchezaji mmoja wa akademi kwenye kikosi cha kila mechi. Historia kama hio haifai kuamuliwa na mtu ambaye pengine mwaka kesho hayuko.

Basi wauze au wasiuze?

Wauze, lakini wajibu maswali matatu kwanza.

Moja, je, huyu dogo anaweza kuwa bora kuliko anayeanza sahii, ukimpa miaka miwili? Kama jibu ni zii, muuze vizuri na umtakie heri. Kama ni ndio, tafuta doh kwingine.

Mbili, doh inaenda wapi? Kama inaziba shimo la usajili mbovu wa jana, hio ni kuuza ndama wa nyumbani ulipe deni la ng'ombe aliyekataa kutoa maziwa.

Tatu, umeacha mlango wazi? Real Madrid walimuuza Dani Carvajal kwa Bayer Leverkusen 2012 wakiwa na haki ya kumrudisha. Mwaka mmoja baadaye wakamrudisha kwa euro milioni 6.5, na ameshinda Champions League sita. Kipengele kimoja tu kwa mkataba.

Na msidhani sheria mpya itawaokoa madogo. Kuanzia msimu wa 2026/27 EPL inaacha PSR, na klabu itaruhusiwa kutumia kwa kikosi hadi asilimia 85 ya mapato yake ya mpira. Lakini faida ya kuuza wachezaji bado inahesabiwa ndani ya hayo mapato. Kwa hivyo dogo wa bei sufuri kwa vitabu bado atakuwa ndiye rahisi kuuza, na mabosi wanajua.

Kwa hivyo dirisha lijalo, ukisikia klabu yako imeuza dogo na msee anakuambia "ni faida tupu," muulize swali moja tu: hio faida imenunua nani, na huyo amemshinda dogo kwa nini?