Sumaku, Kutu na Seli Zetu: Mbona Zikuzwe Majuu Pekee?

Wasee wa Muhoroni, tuanze na hamira. Pale Agro-Chemical, molasi ya miwa imekuwa ikigeuzwa spiriti na hamira kwa miaka mingi, na hamira ni nini kama si seli? Viumbe hai, mabilioni, vinalishwa sukari kwenye matangi, vinapewa hewa, vinachungwa joto. Kwa hivyo mtu akiniambia kukuza seli ni mambo ya wazungu, namwambia ashuke stage ya Muhoroni tu. Pua yake itamjibu.

Seli za binadamu lakini zina maringo. Kwa miaka mingi maabara zimezikuza zikiwa zimelala bapa kwenye sahani ya plastiki, halafu dawa ya saratani inamwagwa juu, seli zinakufa, watu wanapiga makofi. Shida ni kwamba uvimbe mwilini haujalala bapa. Uvimbe ni kama Kondele: kuna wanaokaa kando ya barabara na kuna wanaokaa ndani kabisa, mahali hata boda haifiki. Zile seli za katikati hazipati oksijeni ya kutosha, zinapunguza mwendo, na dawa inafika kwao ikiwa imechoka. Dawa iliyoshinda kwenye sahani inaweza kushindwa mwilini kwa sababu hiyo tu.

Sasa hapa ndipo sumaku inaingia, na mimi hii kitu ilinibamba vibaya sana. Mwaka 2010, Glauco Souza na wenzake huko Houston, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature Nanotechnology njia ya kuzipa seli chembe ndogo sana za dhahabu na oksidi ya chuma. Oksidi ya chuma ni ndugu wa kutu ya mabati yako. Seli zikishabeba hizo chembe, unaweka sumaku juu ya sahani. Zinainuka. Zinaelea ndani ya maji yao ya chakula, zinatafutana, zinashikana, na baada ya siku moja hivi una donge lenye juu, chini na katikati. Kondele ndogo.

Njia nyingine maarufu ni kutumia jeli inayotokana na uvimbe wa panya. Hiyo jeli ni ghali, lazima isafiri ikiwa imeganda, na ukiiacha kwenye joto kabla hujawa tayari inashikana na kazi imeisha. Stima ikipotea usiku mzima, jeli kwaheri. Sumaku haijali stima. Ndio maana nasema njia hii inatufaa sisi kuliko inavyowafaa hao walioivumbua.

Najua utaniuliza, na seli zenyewe je? Kweli, hizo zinataka inkubeta ya nyuzi 37, hewa yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5, na mara nyingi seramu ya damu ya ndama. Sumaku haiondoi hayo. Pia lazima upime kama chembe zenyewe hazibadilishi tabia ya seli kabla hujaamini matokeo. Lakini ni gharama za kawaida za maabara, si za kwenda mwezini. Na KEMRI pale Kisian wamechunguza saratani ya Burkitt kwa miaka mingi. Hatuanzii sufuri.

Kwa nini najali hivi? Angalia historia. Burkitt ni saratani ya watoto inayoshika sana ukanda wetu huu wa malaria, na imepewa jina la daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala. Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa mtoto kilitoka Uganda kwa ndege kwenda London kwa Anthony Epstein. Ukungu ukafanya ndege itue Manchester. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka, wakadhani ni bakteria. Kumbe ni seli zilizobanduka zikawa zinaelea zenyewe! Epstein alikuwa amejaribu muda mrefu kukuza hizi seli bila mafanikio, na hizo zinazoelea ndizo zilikubali. Ndani yake wakapata kirusi cha Epstein-Barr, 1964. Kuelea, wasee. Karibu miaka hamsini kabla ya sumaku kuwa habari.

Halafu 1967 kuna seli zingine za Burkitt, za kijana Mwafrika wa miaka 16, zilizokuzwa na kina Klein wa Stockholm. Zinaitwa Daudi. Mpaka leo ziko hai na benki za seli zinaziuza kwa mamia ya dola.

Sina ubaya na Stockholm. Lakini seli nyingi zinazotumika kupima dawa duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya na Asia Mashariki, na zetu chache zilizomo zinaishi majuu. Nataka vidonge vya dawa vijaribiwe kwenye madonge ya uvimbe wa hapa, Kisumu, na vijana wa Maseno wakishika hizo sumaku kwa mikono yao.

Na mama akiombwa kuweka sahihi pale Russia ili kipande cha uvimbe wa mtoto wake kichukuliwe kwa utafiti, ile fomu iwe na mstari mmoja, kwa Kiswahili au Dholuo, unaomwambia hizo seli zitakuzwa wapi na nani atakuwa akiziuza.