"Kwetu Krismasi haikufika": watoto wanaelewa nini kuhusu siku hii?

Jumamosi iliyopita, katika kipindi chetu cha watoto, tuliuliza swali jepesi: Krismasi ni nini? Wengi walijibu mara moja kwamba ni siku ya kuzaliwa Yesu. Tulipouliza wanajuaje kuwa imefika, majibu yakabadilika. Mmoja alitaja pilau. Mwingine alisema ni pale baba mdogo anaporudi kutoka Dar es Salaam. Msichana wa darasa la tatu akatuambia kwamba mwaka juzi kwao Krismasi haikufika, kwa sababu mama hakuwa na hela ya nguo.

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Mtoto huyo anajua kilichotokea Bethlehemu, wachungaji anawataja, na malaika pia. Lakini kichwani mwake hayo ni somo la Jumapili, na Krismasi yenyewe ni kitu cha kununuliwa. Asiye na hela haimfikii.

Tusiharakishe kuilaumu nguo. Nguo ya sikukuu ni desturi ya siku nyingi hapa Kilimanjaro, na si ya Wakristo peke yao. Jirani zetu Waislamu nao huwavisha watoto wao siku ya Idi. Katika nyumba nyingi hiyo ndiyo nguo pekee ambayo mtoto huchaguliwa yeye mwenyewe kwa mwaka mzima, hata kama imetoka kwenye mtumba wa Kiboriloni. Akiivaa anaelewa kuwa leo si siku kama nyingine. Mzazi anayewanyima watoto nguo ili eti wajifunze dini, sisi hatumwelewi.

Tatizo tunaloliona ni nani anayemweleza mtoto maana ya siku, na mara ngapi. Makanisa yana Majilio, Jumapili nne za kungoja Noeli. Biashara nayo imekaa kwenye majuma hayo hayo, tena huanza mapema zaidi. Hapa lazima tujitaje wenyewe: matangazo ya ofa za sikukuu tunaanza kuyarusha Novemba, kabla Majilio hayajaanza, na fedha zake zinatusaidia kulipa umeme wa kituo. Mtoto anayekaa jikoni na redio ya mama yake husikia neno Krismasi mchana kutwa, likiwa limefungwa na godoro, simu na bei iliyopunguzwa. Likiwa limefungwa na Yesu hulisikia mara moja kwa juma, kama nyumbani kwao wanakwenda kanisani.

Kuna pia yule mzee mwenye ndevu nyeupe. Watoto wamemwona kwenye simu za wazazi na kwenye maduka ya Moshi mjini, na mmoja alidhani ndiye Yusufu akiwa amezeeka. Chanzo chake ni Nikolao, askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyeishi karne ya 4 na kusifika kwa kuwasaidia maskini. Wakatoliki humkumbuka tarehe 6 Desemba. Desturi zake zilivuka bahari na Waholanzi hadi Marekani, akabadilika jina na mavazi, na kuanzia mwaka 1931 picha alizochora Haddon Sundblom kwa ajili ya matangazo ya Coca-Cola zikaieneza sura tunayoiona sasa. Mtoto akiuliza, mweleze hivyo tu. Hataumia.

Watoto wa mlimani wana faida ambayo wenzao wa mjini hawana. Mwaka 1223, kule Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliweka hori, nyasi na wanyama hai ili watu waone kwa macho jinsi mtoto Yesu alivyozaliwa. Huku kwetu kitu hicho kipo nyuma ya nyumba. Mtoto anakata majani kila jioni na kuyajaza horini mwenyewe. Mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili huko Rombo alitusimulia kwamba aliacha picha za kitabuni, akawapeleka watoto wake zizini. Akawauliza kama wangemlaza mdogo wao pale. Wakacheka: ng'ombe atamlamba! Akawauliza, basi kwa nini Mariamu alimlaza Yesu mahali kama hapo? Kijana mmoja akasema labda hawakuwa na hela ya gesti. Biblia inataja kukosa nafasi, haitaji hela, na mwalimu alimrekebisha. Lakini kijana alikuwa ameshika jambo ambalo msichana wetu wa darasa la tatu hakuwahi kuonyeshwa: kwamba familia ya kwanza ya Krismasi nayo ilikuwa imekwama.

Badala yake, watoto wanaona nini Desemba? Vikoba vinavunjwa, hela inaonekana, na ndani ya majuma mawili haionekani tena. Serikali iliondoa ada katika shule zake za msingi na sekondari hadi kidato cha nne tangu 2016, ila sare, viatu na madaftari ya Januari bado ni vya mzazi, na mtoto huwasikia baba na mama wakibishana usiku. Anaona pia mjomba aliyefika na gari anavyokimbiliwa hadi barabarani, na shangazi aliyeshuka kwenye bodaboda mikono mitupu anavyoulizwa kwa heshima tu kama safari ilikuwa njema. Hakuna mhubiri anayeweza kulifuta somo hilo kwa ibada moja.

Na bado, Desemba hiyo hiyo familia nyingi za Kichaga hufanya jambo zito. Ndugu waliokosana kwa ajili ya kihamba au maneno ya msibani huitwa kwa mzee, aliyekosa analeta jani la sale, na kwa desturi yetu ombi la msamaha lililokuja na sale si rahisi kulikataa. Watoto hutolewa nje kikao kinapoanza. Wanatumwa majani, maji, kuni. Wanarudi wakati nyama imeshaiva. Sisi tunafikiri wangeachwa wakae, angalau wale wa kuanzia darasa la nne. Yale mambo makali ya wakubwa yanaweza kusemwa kwanza faragha, kisha watoto wakaitwa waone baba yao na baba yao mkubwa wakishikana mikono.

Tulipolisema hili hewani, msikilizaji mmoja wa Kibosho alipiga simu kutuunga mkono. Mwaka huu, alisema, wanawe watakaa ndani ya kikao mwanzo hadi mwisho. Nyuma yake tukamsikia mkewe akiuliza ni nani basi atakayechota maji ya pilau.