Video yangu ya Beetle iliwadanganya

Mwezi jana niliweka video ya sekunde 58. Injini ya Volkswagen Beetle ya guka inatoka ikiwa nyeusi kama sufuria ya matanga, inarudi inang'aa, nageuza funguo, inawaka. Muziki wa polepole kwa nyuma. Mliipenda sana. Ukijumlisha video zangu zingine zote za mwaka huu hazifikii hiyo moja. Nikatembea mtaani kifua mbele siku nne.

Siku ya tano kijana mmoja wa Nakuru akaniandikia inbox. Hakunitusi, na afadhali angenitusi. Aliandika tu kwamba na wao walikuwa na Beetle ya babu yake nyuma ya nyumba, akaona video yangu, akaitoa injini, akaifungua kwa wikendi moja. Kasha likakataa kuachana. Akaingiza bisibisi katikati, akagonga na nyundo. Kona ikavunjika. Baba yake akaja akakuta injini iko ndani ya katoni tatu, akasema haya ni mambo ya wazimu, akaita watu wa skrapu. Gari likapimwa kwa mizani, likaenda. Swali lake kwangu lilikuwa moja: "Bro, wewe uliifunguaje?"

Nimekaa na hilo swali wiki tatu. Jibu la kweli ni kwamba mimi pia nilishika bisibisi na nyundo. Tofauti yetu ni kwamba nyuma yangu kulikuwa na mzee wa miaka sabini na kitu akanipigia kelele: "Wewe kijana! Weka hiyo chini!" Kisha akaniambia nihesabu nati upya. Kulikuwa na nati moja ndogo imezama kwenye matope ya oili ya miaka mingi, sikuiona. Tukaitoa, akagonga kasha mara mbili na nyundo ya mpira, likaachia kama mlango wa kabati. Hizo dakika ishirini hazimo kwenye video. Nilizikata. Nilikata pia kelele zake, kwa sababu eti zilikuwa zinaharibu mtiririko.

Sasa wacha niwaambie yale niliyoyakata.

Kasha la injini ya Beetle si chuma. Ni magnesiamu, laini na nyepesi, na limegawanyika vipande viwili, kushoto na kulia. Katikati ya hivyo vipande hakuna gasketi. Ni nyuso mbili zilizosawazishwa kiwandani zikakutanishwa na gundi nyembamba tu. Ukichomeka bisibisi pale, umechora njia ya oili kuvuja maisha yake yote. Na ukivunja kona, ndiyo hivyo.

Halafu kuna flaiwili. Imeshikwa na nati moja, moja tu, ya saizi 36. Inakazwa kwa nguvu ya karibu Nm 343. Kwa lugha ya mtaani: chukua mtu wa kilo 70, asimame juu ya bomba nusu mita kutoka kwa nati, bila kuruka. Kuifungua baada ya miaka hamsini ni habari nyingine. Tulitumia bomba la maji la mita moja na nusu, mimi na binamu yangu tukaning'inia juu yake kama nguo, na jirani akashikilia injini isituzunguke. Kwenye video hiyo ni sekunde moja, nati inaanguka kwenye kitambaa. Inapendeza kweli. Uongo mtupu.

Upande mwingine wa injini hiyo hiyo, nati za hedi zinataka Nm 32 pekee. Hapo ndipo vijana wengi tunaua hizi injini. Sisi tumelelewa na kaza-mpaka-ilie. Ukikaza nati za hedi mpaka zilie, stadi zinang'oka kutoka kwenye magnesiamu na nyuzi zake zote, na sasa una tundu lisiloshika kitu. Mzee aliniazima spana yake ya kupimia nguvu, akanifanya nikaze kidogo, nizunguke zote kwa mpango, nirudi tena, nizunguke. Nilidhani ananichelewesha.

Kuna vipimo vingine vidogo vidogo mpaka unacheka. Krankishafti inaruhusiwa kucheza mbele na nyuma kati ya milimita 0.07 na 0.13. Nywele ya mtu, hapo hapo. Unarekebisha kwa visahani vitatu vyembamba nyuma ya flaiwili. Tulivibadilisha mara nne, na kila mara ile nati kubwa inafungwa na kufunguliwa tena. Hapo nikakaribia kulia, sitawaficha. Valvu zinatakiwa kuwa na nafasi ya milimita 0.15, na unapima injini ikiwa baridi, si ile ya kutoka safari ukafungua kifuniko ukaanza kupima.

Na si kila kitu kilifanyika nyumbani, ingawa niliandika "home build" kwa maandishi makubwa. Krankishafti ilienda kusagwa Kariobangi. Viti vya beringi kwenye kasha vilikuwa vimelika, vikapelekwa kutobolewa upya kwenye karakana yenye mashine, na nikangoja wiki sita. Pistoni na silinda ziliagizwa kutoka nje. Uzuri wa hii injini ni kwamba silinda zake nne ziko mbali mbali, kila moja na mapezi yake, unazing'oa unaweka mpya kama kubadilisha vikombe. Lakini lazima uzilipie. Kwa jumla nilitumia karibu laki mbili na miezi kumi na moja. Kuna miezi miwili mizima sikufanya chochote kwa sababu sikuwa na pesa, injini imefunikwa na shuka la Mama kwenye veranda. Shuka hilo halijawahi kurudi kitandani.

Najua wengine hapa tayari mmeanza kuandika, "Laki mbili? Si ungeongeza ununue Vitz?" Hiyo komenti nimeisoma mara nyingi sana na wacha nijibu mara moja niachane nayo. Vitz ni gari nzuri. Ukitaka kufika kazini saa mbili kamili, nunua Vitz, sina ubishi. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Maana yake hizi Beetle tulizo nazo ndizo hizo. Hakuna meli inayoleta zingine Mombasa. Kiwanda cha mwisho, kule Puebla, Mexico, kilifunga laini ya Beetle mwaka wa 2003. Kila moja inayokatwa kwa skrapu hapa kwetu imeondoka, na hairudi kwa bei yoyote.

Na hizi si gari za maonyesho ya wenye pesa tu. Volkswagen ilishinda Safari Rally mwaka wa 1954, ikashinda tena 1957, ikarudi ikashinda 1962, kwa barabara za vumbi na matope ambazo leo ukipita na gari yako ya chini utalia. Haina rejeta ya kupasuka, haina maji ya kuchemka. Guka alinunua yake ikiwa imeshatumika, ya 1968, akampeleka Mama shule ya bweni nayo, akabeba viazi kwenye kiti cha nyuma, akaenda hospitali nayo mara ya mwisho. Anko zangu walitaka iuzwe baada ya mazishi. Hawakuwa wabaya, walikuwa wanahesabu.

Kwa hivyo sijutii kuirekebisha. Ninachojutia ni kuwaonyesha kana kwamba ni rahisi.

Tena nitasema kitu ambacho kitawaudhi wenzangu wanaotengeneza video kama mimi. Sisi tunajua tunachokata. Tunaacha uchafu wa mwanzo na mng'ao wa mwisho, katikati tunaitupa, na katikati ndiko kazi iliko. Mtu akiona sekunde 58 anadhani kinachomzuia ni uoga. Kumbe kinachomzuia ni spana ya kupimia nguvu, fila geji, pesa ya karakana, na mtu mmoja anayejua nati iliyojificha iko wapi. Ukimpa ujasiri bila hivyo vinne, umempa nyundo.

Huyo mtu mmoja ndiye nataka kumalizia naye, kwa sababu yeye nilimkosea kuliko wote.

Mzee ameshika hizi injini tangu akiwa kijana wa kubeba vifaa gereji moja Industrial Area. Hana cheti hata kimoja. Mitihani ya ufundi ya NITA ipo, gredi ya tatu mpaka ya kwanza, lakini kila wakati kulikuwa na karo ya mtoto mbele ya ada ya mtihani, na sasa anauliza cheti cha nini. Anajua injini kwa sikio. Siku tuliyoiwasha, kila mtu anashangilia, yeye akasema, "Zima." Nikamwuliza kwa nini. "Silinda ya tatu inateseka." Tukafungua upande ule, tukakuta nimesahau kipande cha bati cha chini.

Hapa nieleze kidogo, maana hii imeua Beetle nyingi hapa nchini. Injini inapozwa na upepo wa feni, na feni inazungushwa na fenibelti pamoja na dinamo. Lakini upepo peke yake hausaidii. Lazima uongozwe na mabati upite katikati ya mapezi, na ule moto utoke chini usirudi juu. Fundi wa haraka akiona mabati yanamsumbua anayatupa. "Hii ni urembo tu." Gari linaenda vizuri miezi miwili, halafu linakufa, watu wanasema gari za zamani ni taabu. Na silinda ya tatu kwenye modeli kama ya guka ina shida zaidi, kwa sababu kipoza oili kimesimama ndani ya njia ya upepo wake. Volkswagen wenyewe walikuja kukihamisha kwenye modeli za 1971. Mzee hakuwahi kusoma hiyo popote. Aliona ni silinda ya tatu inayokuja imeungua, kila mara, miaka nenda miaka rudi, akajua.

Basi nikamwonyesha video kwenye simu. Akaitazama yote, akairudia. Akaniambia, "Mikono yangu nimeiona. Kichwa iko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ni kweli. Mikono yake iko mle sekunde kama tisa, inaonekana ni yangu. Nililipwa na kampuni ya vifaa kwa ile video, si pesa nyingi, lakini ilikuwa zaidi ya nilichomlipa yeye kwa miezi kumi na moja ya Jumamosi. Yeye alikuwa anataka nauli na chai tu, na mimi nikakubali haraka sana, kama mtu aliyeokota. Tuna tabia hiyo. Mwenye kompyuta anatoa bei, mwenye spana anaulizwa "utaniachia ngapi, mzee?"

Nimempelekea nusu ya ile pesa. Aliihesabu mbele yangu, akasema sawa. Video mpya ni ya dakika arobaini na mbili, kelele zake zote zimo, na nati iliyojificha nimeizungushia alama nyekundu. Najua wengi hamtamaliza. Ile ya sekunde 58 nimeitoa. Walioniandikia kwamba nimetupa views, sawa, nimezitupa. Jina lake na namba yake sitaweka hapa, ameniambia hataki kupigiwa simu usiku na watu wa bei. Anayemhitaji kwa kazi ya kweli aniandikie, nitamuuliza kwanza.

Yule kijana wa Nakuru nilimjibu mwishowe. Nikamwambia niliifungua na mtu, si peke yangu. Akakaa siku mbili, akaniambia watu wa skrapu walichukua bodi, lakini katoni moja aliificha chini ya kitanda. Ndani kuna krankishafti, hedi mbili na kabureta. Nikamwuliza Mzee kama hizo zina maana bila kasha. Akasema krankishafti ya Beetle ni mali siku zote, na hedi alete azione kama zimepasuka katikati ya valvu, huwa zinapasuka hapo.

Anakuja Jumamosi. Krankishafti peke yake ni mzigo, sijui makanga atadai nauli ya watu wangapi.