Breki za Bei Rahisi: Unafuu kwa Nani, Hatari kwa Nani?



Katika miaka ya karibuni imeenea kwetu tabia ya kuagiza spea za magari mtandaoni. Mwenye gari hufungua simu yake, huandika jina la gari, na papo hapo huonyeshwa picha za pedi za breki, diski na viatu vya breki kwa bei iliyo chini sana ya ile aliyotajiwa dukani. Hulipa kwa simu, mzigo hufika kwa bodaboda au kwa basi, na siku ya mapumziko huliinua gari kwa jeki uani kwake akazifunga mwenyewe. Hakumlipa fundi wala mwenye duka, naye huhisi kuwa amefanya jambo la busara.

Hatukusudii kuwalaumu watu hawa. Magari yetu mengi yamekuja kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, spea ni ghali, na kipato ni kile kile. Aidha, duka la mtaani nalo si kinga. Boksi lenye nembo mashuhuri laweza kubeba bidhaa ya kughushi, na ndiyo maana Kenya ilitunga sheria maalumu dhidi ya bidhaa bandia mwaka 2008. Wala si kweli kwamba kila spea isiyo na jina la kiwanda cha gari ni mbovu. Viwanda vya magari kwa kawaida hununua pedi kwa kampuni za breki, kama Akebono ya Japani, na baadhi ya kampuni hizo huuza pedi kwa jina lao wenyewe na kwa bei nafuu zaidi.

Basi tatizo liko wapi? Tatizo si urahisi wa bei. Tatizo ni kununua kitu kisichojulikana na kukifunga mahali ambapo uhai wa watu umewekwa.

Tuitazame pedi yenyewe. Ni bamba la chuma lililogandishwa mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini na gundi. Sura yake na vipimo vyake huigwa kwa urahisi, lakini mchanganyiko huo hauonekani kwa macho, achilia mbali kwenye picha ya simu. Kazi ya pedi ni kuugeuza mwendo wa gari kuwa joto. Mwendo ukizidi mara mbili, nishati ya kuzimwa huzidi mara nne. Gundi duni ikipata joto kali hulegea na kutoa gesi, msuguano ukapungua, na dereva akakuta kanyagio ni gumu lakini gari haliitiki. Kwa hiyo pedi mbovu huweza kumridhisha mwenyewe mjini kwa miezi kadhaa, katika mwendo wa pole. Anaposafiri kwenda Iringa au Mbeya, na wakati wa kurudi akateremka mlima Kitonga gari likiwa limejaa, hapo ndipo hujua alichonunua.

Tufanye hesabu ndogo. Magari mawili yanakwenda kilomita 80 kwa saa, na madereva wote wawili wanakanyaga breki mahali pamoja. La kwanza, breki zake ni imara, linapunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. La pili, breki zake dhaifu, linapunguza mita 5 tu. La kwanza litasimama baada ya mita 35, na la pili baada ya mita 49. Mtu atasema: tofauti ni mita 14 tu. Lakini pale liliposimama la kwanza, la pili lingali linapita kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Mtoto akiwa amesimama hapo, gari la kwanza halimgusi, na la pili laweza kumuua.

Hapa ndipo wengi hughafilika. Husema: gari ni langu na fedha ni zangu. Ni kweli kuhusu redio na viti. Ama breki, madhara yake hayaishii kwa mwenye mali. Huwafika mke na watoto waliomo ndani, abiria aliyepewa lifti, na mpita njia ambaye hakushauriwa wala hakupunguziwa senti. Na kamati zetu za madrasa zinazomiliki magari ya kubebea wanafunzi zizingatie zaidi, kwa kuwa wazazi wamewakabidhi amana, na mwanafunzi hana uwezo wa kuuliza pedi zimenunuliwa wapi.

Mafakihi walikwisha kutuonyesha njia katika biashara ya kitu kisichoonekana. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, yaliyoenea mwambao wetu, kauli yenye nguvu haisihishi kuuza kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Lakini huruhusiwa bei kulipwa mbele na bidhaa kuuzwa kwa sifa zake, nayo ikabaki katika dhima ya muuzaji. Na sharti ni kuwa sifa hizo zidhibitiwe mpaka pasibaki ubishi. Je, tangazo lisemalo "breki za Toyota, bei poa" limedhibiti sifa gani? Tena mnunuzi akikuta kasoro iliyofichwa ana khiyari ya kurudisha. Atamrudishia nani, ikiwa muuzaji hana duka, hana anwani, na namba yake imezimwa?

Kwa hiyo anayelazimika kuagiza kwa njia hii ashike mambo haya.

Kwanza, aagize kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari tu, kwani magari ya jina moja huweza kutofautiana breki.

Pili, adai picha ya mgongo na ubavu wa pedi, si ya boksi. Pedi zilizopimwa kwa kanuni namba 90 ya Umoja wa Mataifa huwa na alama ya E ndani ya duara pamoja na 90R, na kanuni hiyo haikubali pedi za gari dogo zitofautiane na za asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika utendaji. Nyingine huandikwa herufi mbili za msuguano kwa mtindo wa Marekani, ya kwanza ya hali ya baridi na ya pili ya hali ya joto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, na F ni kati ya 0.35 na 0.45. Alama zaweza kughushiwa, lakini muuzaji anayekataa hata kuzionyesha hafai kuaminiwa.

Tatu, abadilishe pedi za magurudumu ya kulia na kushoto pamoja, na asiziguse kwa mikono yenye grisi. Mafuta ya breki yawe ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake, kutoka chupa ambayo haijafunguliwa, kwani mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu hewani na kuharibika.

Nne, kabla gari halijatoka uani akanyage breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu, kisha amwite fundi mjuzi akague kazi yake. Ujira wa ukaguzi ni mdogo.

Asiyeweza kuyatimiza haya aendelee kukusanya fedha, na gari likae. Kupanda daladala mwezi mmoja si fedheha. Fedheha ni kusimama mbele ya wazazi wa mtoto wa watu na kueleza kwamba ulikuwa unapunguza gharama.

Wabillahi tawfiq.