Injini ndogo nayo ina historia

Mwanafunzi wa Lodwar au Kakuma hujifunza neno "gari moshi" kabla ya kuliona gari lenyewe, kwani reli haijafika Turkana. Tawi la karibu liliishia Kitale mwaka 1926. Neno hilo limehifadhi nusu tu ya historia, yaani enzi ya mvuke.

Ndivyo tulivyofanya kwa injini pia. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yanajivunia majitu ya mvuke, yakiwemo ya aina ya 59 yaliyopewa majina ya milima. Injini ndogo ya dizeli, iliyopanga mabehewa stesheni, ilitambuliwa kwa nambari tu. Hata hivyo, dizeli ndiyo iliyoikomboa reli kutoka utumwa wa maji: mvuke ulidai matangi njia nzima, nayo dizeli hutosheka na maji kidogo ya kupoza mtambo. Wakazi wa nchi kame wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Yafaa basi injini hizo zihifadhiwe kabla ya kuuzwa kama vyuma vikuukuu, na wazee walioziendesha waulizwe waliziitaje sehemu zake. Wakitutoka, msamiati wao utazikwa pamoja nao.